Aliyetuchora Komori

Wiki ya kwanza ya ndoa yangu nilisikia nyayo juu ya vichwa vyetu, nikamuuliza mama mkwe kama nyumba hii ina paka mkubwa.

"Si paka," akasema, huku akigeuza katlesi za viazi ndani ya mafuta. "Ni mpangaji. Hasemi, hali, hacheki. Muache."

Mpangaji asiyesema! Hapa kwetu Osaka mtu akinyamaza nusu saa, majirani humletea dawa. Na mtaa wetu wa Komori ndio kabisa. Ni njia moja ya maduka iliyoezekwa paa kutoka mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo neno likitamkwa kwa muuza samaki upande huu, hupiga dari likaangukia kwa kinyozi upande ule, tena likiwa limeshaongezwa chumvi. Mtu angewezaje kuishi katikati ya watu hao bila kutoa sauti?

Jina lake lilikuwa Nishiwaki Tamae. Alikuwa na miaka thelathini na minne, mwembamba, miwani mizito, vidole vyenye madoa meusi ambayo mimi niliyadhani ni ya ugonjwa. Baadaye nikajua ni wino. Alizaliwa Tottori kwa wakulima wa mapeasi, akaenda Tokyo akiwa msichana ili awe mchora manga, hadithi zile za vibonzo zinazotoka kila wiki katika majarida. Alichora hadithi za mapenzi. Wasichana wenye macho makubwa yaliyojaa nyota, wavulana wanaosimama chini ya maua bila sababu. Miaka kumi na miwili alizipeleka kwa wahariri, na miaka kumi na miwili walimrudishia. Wa mwisho alimwambia, "Macho mazuri haya, Bi Nishiwaki, ila hakuna mtu anayeishi ndani yake."

Akafunga mizigo arudi kwao. Treni ilipofika Osaka ilimbidi abadilishe, na pale jukwaani miguu ikamgomea. Afike nyumbani awaambie nini? Akatoka nje ya stesheni, akatembea mpaka akakutana na karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha duka letu la katlesi: chumba kinapangishwa, juu. Akapanda, akavuta pazia. Huyo ndiye aliyekuwa akitembea juu ya kichwa changu.

Chumba chake hakikuwa na bafu, kama vyumba vyote vya hapa siku zile, kwa hiyo hata mtu anayewakimbia watu alilazimika kwenda hamamu ya mtaa. Na hamamu ya Komori ilikuwa ya Bi Shigeno.

Bi Shigeno alivaa blauzi za madoa ya chui, majira yote. Alikaa mlangoni kwenye kiti kirefu, katikati ya upande wa wanaume na upande wa wanawake, akiona kote na akisikia zaidi. Ukuta uliotenganisha pande mbili haukufika darini, na sauti yake haikuwahi kuuheshimu.

Jioni moja nilikuwa ndani ya birika la maji moto nikipumzisha mgongo. Tamae alikuwa amechuchumaa pembeni, akijimwagia maji kijikombe kwa kijikombe.

"Wewe wa juu kwa kina Mochida!" Bi Shigeno akapaza sauti, akitaja jina la ukoo wetu. "Mbona unaoga kama kuku aliyenyeshewa? Jimwagie, dada! Maji yameshapashwa moto, unamwekea nani?"

Upande wa pili mwanamume akajibu, "Shigeno, punguza sauti, huku maji yanatetemeka!"

Huyo alikuwa Iwane Gonzo, kinyozi wetu. Wahenga husema kinyozi hajinyoi, lakini Gonzo hakuwa na cha kunyoa. Kichwa chake kiling'aa kama bakuli la kauri, na hapohapo dukani kwake aliuza dawa ya kuotesha nywele.

"Wewe ndiye ukae kimya, Gonzo! Mtaro wangu umezibwa na nywele zako!"

Kimya. Kisha sauti ya upole, ya mtu aliyeumizwa, "Nywele zangu? Zangu mimi?"

"Za wateja wako! Zinakuganda mwilini, maskini, zinatafuta njia ya kupanda kichwani zinakosa!"

Upande wa wanaume ulilipuka. Na mimi nikasikia kitu kama mlango wenye kutu kikifunguka karibu yangu. Alikuwa Tamae, anacheka. Alicheka hadi akapaliwa na maji, ikabidi nitoke birikani uchi wa mnyama nimpige mgongoni. Ndivyo tulivyojuana, mimi na yeye.

Kesho yake nyayo za juu zilibadilika. Hazikuwa tena za mtu anayezunguka. Zilikuwa kimya kirefu, halafu kishindo, halafu kicheko. Mama mkwe akatazama dari. "Amepata wazimu au amepata kazi," akasema.

Alikuwa amepata kazi. Jarida moja dogo la hapahapa Osaka lilikubali vichekesho vyake, kurasa nane kila wiki, vya watu wa mtaa mmoja wenye hamamu. Hakutuambia. Alidhani hakuna mtu wa Komori anayesoma jarida lile.

Alisahau kwamba kila kinyozi ana majarida.

Mteja alikuwa kwenye kiti cha Gonzo, povu shavuni, anasoma. Akaanza kutikisika. Gonzo akainua wembe juu. "Tulia, bwana! Unataka nikuchinje kwa ajili ya kicheko?" Mteja, machozi yakimtoka, akamgeuzia ukurasa. Pale, chini ya jina la Nishiwaki Tamae, palikuwa na kinyozi mwenye kipara anamuuzia dawa ya nywele mtu mwenye nywele tele, na anamwambia, "Mimi niliitumia kupita kiasi."

Gonzo alifika dukani kwetu na jarida limekunjwa kama rungu. Nyuma yake Bi Shigeno, nyuma yake nusu ya mtaa.

"Yuko wapi mwizi wa sura za watu?"

Tamae akashuka ngazi. Akaliona jarida. Akapiga magoti pale sakafuni penye utelezi wa mafuta, akainama hadi paji la uso likagusa chini.

"Nimewakosea," akasema. "Nilikuwa peke yangu kule juu. Nilipoanza kuwachora, chumba kikajaa watu. Sikufikiri kama mtaumia. Nitaacha leo."

Kumuona mtu mzima namna ile kunatia aibu hata mwenye haki. Gonzo alianza kukunjua jarida na kulikunja tena.

Ndipo mtu mmoja akajipenyeza kutoka nyuma. Kuze Masaharu, fundi miavuli, mtu mtaratibu ambaye ungeweza kukaa naye benchi moja mwaka mzima usikumbuke sura yake.

"Mimi nina lalamiko jingine," akasema.

"Sema, Kuze," Gonzo akamtia moyo. "Wewe alikuchoraje?"

"Ndilo lalamiko. Nimeyatafuta majarida yote ya nyuma, nimesoma mwanzo mpaka mwisho. Simo."

"Humo?"

"Simo. Hata kwa mbali. Hata mgongo tu. Mke wangu ameniuliza kama kweli mimi ni mkazi wa mtaa huu."

Watu wakaanza kuuma midomo. Bi Shigeno akamnyang'anya Gonzo jarida, akalisogeza karibu na macho. "Subirini. Mimi nina swali. Huu mdomo. Ni mkubwa hivi kweli?"

Tukatazama viatu vyetu. Na mama mkwe wangu, mwanamke ambaye tangu niingie nyumbani mwake sikuwahi kumsikia akitania hata mara moja, akasema bila kuacha kugeuza katlesi zake, "Umepunguzwa."

Duka zima likaangua kicheko. Bi Shigeno mwenyewe aliegemea kabati la kioo akipiga mapaja. Gonzo alicheka akafuta kipara kwa leso. Akamwinua Tamae kwa mkono akamwambia, "Haya, Mwalimu, simama, utateleza. Lakini dawa yangu ni nzuri, andika hivyo."

Tangu siku hiyo mtaa mzima tulimwita Mwalimu, kama wachora manga wanavyoitwa kwa heshima, na kila Alhamisi jarida likitoka lilisomwa kwa sauti hamamu, pande zote mbili za ukuta.

Nami nilichorwa. Katika kisanduku kimoja cha ukurasa alinichora bibi harusi anayeponda viazi kwa hasira hadi bakuli linapasuka. Nililia nilipokiona, maana nilijua amesikia kila kitu kupitia sakafu: ukali wa mama mkwe na majibu yangu niliyoyapondea kwenye viazi. Mama mkwe alikitazama kile kisanduku muda mrefu sana. Asubuhi iliyofuata akanitoa mwiko mkononi. "Leo naponda mimi. Wewe kapumzike, kabla katlesi hazijawa uji." Hatukuwahi kuongea zaidi ya hapo kuhusu jambo lile. Lakini nilipumzika, na kuanzia hapo alinichagulia samaki mwenye nyama nene. Namshukuru Tamae kwa hilo hadi leo.

Aliyebaki nje ni Kuze tu. Na kila alivyobaki nje ndivyo alivyojitahidi. Alitembea chini ya paa la mtaa akiwa amefungua miavuli miwili. Alivaa kofia ya majani yenye taa. Mwishowe akapata jogoo kwa shemeji yake wa shamba, akamfunga kamba shingoni, akawa anamtembeza kila mchana kama mbwa wa tajiri.

"Mwalimu! Umeniona?"

"Nimekuona, Bwana Kuze."

"Je?"

"Unajitekenya mwenyewe, kisha unataka mimi ndiye nicheke."

Alirudi nyumbani na jogoo wake, mabega yameshuka. Mtu alitaka kumcheka lakini akashindwa.

Mwaka wa tatu wa vichekesho vile, mwezi wa Novemba, Tamae alikuwa anarudi kwa baiskeli kutoka kununua wino. Kwenye kona ya muuza vitumbua vya pweza, jogoo alikurupuka, kamba ikamponyoka Kuze, na ndege akaruka moja kwa moja mbele ya gurudumu. Tamae alikwepa. Jogoo hakupata hata mkwaruzo. Tamae alivunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Alirudi kutoka hospitali mkono umefungwa plasta hadi kwenye kiwiko. Wakati huo kurasa za wiki ile alikuwa amezichora kwa penseli tu, bado kutiwa wino. Mhariri wake, Bwana Inubushi, akapiga simu kwenye duka letu, kwa sababu Tamae hakuwa na simu. Mimi ndiye niliyemshikia mkonga sikioni, nikasikia yote.

"Pole sana, Mwalimu. Lakini kurasa zisipofika Jumatatu, wakubwa wataipa nafasi yako katuni ya gofu. Walikuwa wanaitafutia nafasi. Nimejaribu."

Tamae alishukuru, akanionyesha kwa kichwa nikate simu. Akaanza kupanda ngazi polepole. Gonzo alikuwa hapo anasubiri katlesi zake.

"Gofu?" akasema. "Hapa Komori nani amewahi kuiona gofu? Tupinduliwe na watu wa gofu?" Akatoka mbio bila katlesi.

Asubuhi ya Jumapili, hamamu ikiwa bado haijafunguliwa, Bi Shigeno alipanga meza fupi kwenye chumba cha kuvulia nguo. Tamae tulimshusha kama bibi harusi, tukamkalisha kwenye kile kiti kirefu cha mlangoni, atuone wote. Wino ukamiminwa kwenye visahani vya sabuni.

"Hamjui kushika kalamu," Tamae akasema.

"Mimi nashika wembe mwaka wa thelathini," akajibu Gonzo. "Kalamu haichinji. Tuelekeze."

Basi akatuelekeza. Mimi nilipewa kujaza weusi: nywele za watu, vivuli, kandambili. Mistari ya visanduku ilipigwa kwa ubavu wa mwavuli, maana rula tulikuwa nayo moja na mama mkwe alikataa kuiachia. Wengine walifuta penseli, wengine walipepea wino ukauke. Bi Shigeno alinyamaza kabisa, ulimi nje, na hapo ndipo Tamae alipotilia shaka.

"Bi Shigeno, mdomo wako uko wapi?"

"Si huo hapo."

"Hiyo ni nukta."

"Leo nimefunga mdomo, nafanya kazi. Hukuniona?"

"Na wewe, Bwana Gonzo. Hiki nini kichwani?"

Gonzo akafunika karatasi kwa kiganja. "Kivuli."

"Kivuli chenye mchano katikati?"

Tulicheka mpaka mama mkwe akalazimika kuinua karatasi zote juu zisiloweshwe na machozi. Tamae alishikilia plasta yake na kulia na kucheka kwa pamoja, akisema basi, acheni hivyohivyo, acheni.

Kuze hakucheka. Alikuwa amekaa mlangoni na viatu vyake, hakutaka kuingia, hakutaka hata chai ya shayiri. Tangu ajali alikuwa hajazungumza na mtu. Jogoo alikuwa amemrudisha shamba kwa shemeji.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na kisanduku kimoja kitupu, hakina hata penseli. Nilimuuliza Tamae tujaze nini. Akashuka kwenye kiti, akapiga magoti mezani, akachukua brashi kwa mkono wa kushoto.

Mistari ilitoka imepinda, inatetemeka kama ya mtu anayejifunza. Alichora mvua. Alichora lango la hospitali. Nje ya lango akachora mtu mwenye sura ambayo mtu haikumbuki, amesimama ameloa chapachapa, na mwavuli ameunyoosha mbele, juu ya jogoo aliyekauka vizuri.

"Nilikuona dirishani," akasema bila kugeuka. "Daktari ananifunga mkono, mimi natazama nje. Ulisimama pale mpaka giza. Mbona hukuingia?"

Kuze alivua viatu. Alikuja hadi mezani, akakaa, akatazama ile picha.

"Hawaruhusu kuku ndani," akasema.

Gonzo ndiye aliyeanza kulia, wala si Kuze. Alisingizia harufu ya wino.

"Bwana Kuze," Tamae akamwambia, "hapa hukujitekenya." Akamuinamia. Na yeye akamuinamia hadi chini, na wakabaki hivyo kwa muda, kila mmoja akisubiri mwenzake ainuke kwanza, mpaka Bi Shigeno akasema jamani wino unakauka.

Kurasa zilifika Jumatatu. Jarida lilipotoka, mke wa Kuze alinunua nakala zote za kibanda cha stesheni. Bwana Inubushi akapiga simu tena, mara hii anacheka. "Kinyozi ana nywele ukurasa wa tatu, wa nne hana, wa tano zimerudi. Wasomaji wanapiga simu, wanataka kujua ni dawa gani ile. Na yule mtu wa mwavuli ni nani? Mlete tena." Ile katuni ya gofu ilipelekwa mahali pengine, sijui wapi.

Mkono ulipona, ingawa siku za mvua humuuma. Mwaka uliofuata, mapeasi yalipoiva, mama yake Tamae alikuja kutoka Tottori, bibi mdogo wa kimo mwenye furushi kubwa mgongoni. Hakuuliza njia. Aliingia mwanzo wa mtaa akawa anamtambua kila mtu kwa macho. "Wewe ni Gonzo. Wewe ni yule wa viazi, mkeo hajapasua bakuli jingine?" Huyo alikuwa mume wangu. Alimpa kila mmoja peasi kwa mikono miwili. Alipofika hamamu na kumuona Bi Shigeno juu ya kiti chake, aliweka furushi chini akainama kwa heshima kubwa.

"Nilidhani mwanangu yuko mjini peke yake," akasema. "Nikawa silali. Halafu kila wiki nikifungua jarida analonitumia namkuta amezungukwa na watu. Ahsanteni kwa kunilelea."

Bi Shigeno alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza hakuna kilichotoka.

Vichekesho vile viliendelea miaka kumi na miwili, hadi jarida lenyewe lilipofungwa. Havikumpa Tamae umaarufu. Nje ya Osaka wachache walimjua. Baada ya hapo alichora matangazo ya maduka, akafundisha kuchora kwenye ukumbi wa mtaa, na hakuhama chumba cha juu. Hamamu sasa ni maegesho ya magari. Gonzo ametangulia, Bi Shigeno ametangulia, na mama mkwe wangu pia, niliyemlilia kuliko nilivyotarajia.

Mume wangu alipofariki, nilifunga duka nikakaa nyuma na pazia limeshuka. Siku ya nne nilisikia mtu jikoni. Nikaenda kutazama. Tamae, mwenye zaidi ya miaka sabini, alikuwa amevaa aproni yangu, amefungua duka, anakaanga katlesi. Mbele ya kioo palikuwa na foleni, Kuze wa kwanza, na fimbo yake.

"Umeshawahi kukaanga?" nikamuuliza.

"Sijawahi. Lakini miaka yote hii nakula kwako, nikasema leo wewe ule kwangu. Kaa chini."

Zilikuwa zimeungua nje, mbichi ndani, na chumvi kama maji ya bahari. Watu walizinunua zote, na hakuna aliyerudisha.